Uzi Uliotolewa Bila Kukatwa

Mimi darasa la saba sikumaliza, lakini kwa kusimulia, hapa mtaa wa Tuwan, Kitale, nionyeshe wa kunishinda. Na hili sijatunga. Lilimpata jirani yangu Gathoni, Mama Kibe, Agosti ya 2005.

Gathoni alikuwa na vidole, bana! Sufu ya kondoo aliitia rangi mwenyewe, akaisokota kwa kijiti ikawa uzi mwembamba wa kutisha. Watoto wake watatu walisomeshwa na vidole hivyo.

Mwezi huo aliteremka Mombasa na akina mama wa kanisa kupumzika wiki moja. Alienda na rafiki yake Pauline wa Tongaren. Huyo alikuwa dada kabisa; hata Gathoni alipofiwa na mume, ni Pauline aliyempikia mwezi mzima. Ila kusokota hakujua. Uzi wake ulitoka kama mkia wa ng'ombe.

Siku ya tatu walikaa mchangani na wale akina mama, Gathoni akisokota sufu nyekundu. Pauline akanyoosha mkono.

"Nikushikie hiyo kazi, Mama Kibe. Nenda uloweshe miguu. Ama ulikuja bahari kuiangalia tu?"

Kwa wasokotaji wa kwao Gathoni kuna mwiko: uzi hautolewi mkono kwa mkono kabla ya kukatwa. Ukiutoa mzima, umetoa na mkono wako. Gathoni aliujua. Lakini maji yalimwita, na huyu ni Pauline, si mtu wa kando. Akampa.

Pauline alifumba macho. "Asante," akanong'ona. Akarudia mara tatu.

Waliporudi Kitale, uzi wa Gathoni ukaanza kukatika. Sufu ile ile. Kijiti kile kile. Wiki ya pili vidole vikafa ganzi. Wateja wakahama, mmoja mmoja, wakaenda Tongaren.

Gathoni naye akaenda. Mchana, jua la utosi. Mlango wa Pauline ulikuwa wazi.

Kijiti kilizunguka. Kikapu cha sufu kilikuwa kitupu. Uzi ulitoka tu kwenye vidole vya Pauline, na haukuwa mwekundu. Ulikuwa na rangi ya kiganja cha mtu.

Kila kijiti kilipozunguka, ncha za vidole vya Gathoni ziliwasha.

"Karibu, Mama Kibe," Pauline akasema chini chini, bila kugeuka.

"Unasokota nini, Pauline?"

"Si ulinipa mwenyewe? Na mbele ya akina mama wote."

"Nilikuita dada."

"Ndiyo maana sikuomba mtu mwingine."

Gathoni akaruka, akaushika uzi, akauvuta. Haukukatika. Maumivu yakampanda kutoka vidoleni mpaka kwapani. Akakimbia. Nyuma yake kijiti hakikusimama.

Mwezi haukuisha, Pauline akahama. Alikoenda, hata ndugu zake hawajui.

Mwaka wa 2007 Gathoni alienda kuomba kitambulisho kipya. Karani akampaka wino, akabonyeza vidole vyote kumi kwenye karatasi. Akatazama. Akampangusa, akarudia.

"Mama," akauliza polepole, "mistari ya vidole vyako iko wapi?"

Madoa kumi meusi. Laini kabisa. Ni gumba la kulia tu lililokuwa na mstari mmoja, mwembamba kama unywele.

Gumba likawasha, kama siku ile kwa Pauline. Karani akalibonyeza tena.

Mstari ulikuwa umefupika.