Sijakutaja Jina

"Jamani, nianze na kisa cha kweli! Kuna fundi cherehani mmoja alijishonea mwenyewe gauni la harusi. Siku ya siku, bwana harusi kaingia mitini!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nyuma ya pazia, mshonaji wa mavazi ya waigizaji alijichoma sindano kidoleni wala asihisi. Fundi wa kwenye kisa ni yeye! Na anayepayuka jukwaani ni mchumba wake, mchekeshaji, wanaoana mwezi ujao. Siri hiyo alimwambia yeye peke yake, tena huku analia.

"Akalivaa hivyo hivyo, akakaa kitandani mpaka kunakucha, anasubiri simu!"

Vicheko tena. Loo! Mtu mzima na akili zake!

Simu ya fundi ikatetemeka. Ni mama yake, aliyekaa safu ya mbele, ananong'ona:

"Mwanangu, huyo fundi ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Si uliniambia wewe ndiye uliyemkataa yule kijana?"

"Niliona aibu, mama."

"Na huyu anayekuanika mbele za watu ndiye unayeniletea awe mkwe wangu?"

Mchekeshaji akaingia nyuma ya pazia, jasho linamtiririka, meno yote nje.

"Umesikia makofi? Wiki nzima natafuta pa kuanzia, leo nimewashika tangu neno la kwanza!"

"Umewashika kwa aibu yangu?"

"Mpenzi, sijakutaja jina."

"Mama yangu yuko ukumbini! Amenijua!"

"Sasa mimi ningejuaje kwamba hajui?"

"Ungeniuliza! Mdomo wa kuutangazia ukumbi mzima unao, wa kuniuliza mimi huna?"

Akajikuna kichwa.

"Basi yaishe. Ila kesho niruhusu tena. Visa vingine vyote nilivyojaribu vilidoda. Bila hiki nifungue na nini?"

Fundi alimtazama asiamini. Yaani hata pole hakuna! Hasira ikampanda mpaka machozi yakagoma kutoka. Akavua pete, akamtia mkononi, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nje mama alikuwa ameshafika, akamkumbatia bila kuuliza kitu.

Hawajafika mbali, ujumbe ukaingia:

"Usinune mpenzi. Nimepata dawa. Kesho sisemi fundi, nitasema msusi."

Akamsomea mama.

"Makubwa!" mama akaguna. "Huyo hata kosa lake halijui."

Fundi akasimama palepale njiani, akaandika:

"Sema msusi, sema mpishi, sema umtakaye. Ila mwezi ujao, kamuoe huyo huyo msusi."