Baiskeli Iliyompanda Mjomba

Tunu amesimama barazani. Amekumbatia ngoma yake. Mvua inanyesha Ifakara nzima.

Chwa, chwa, chwa!

Nani yule anakuja? Ni Mjomba Libenanga. Ameibeba baiskeli yake mpya kichwani! Maji yanamchuruzika mpaka puani.

"Njooni muone!" watoto wanacheka. "Leo baiskeli imempanda mtu!"

Mjomba anateleza... puu! Amekaa matopeni. Baiskeli bado iko juu.

"Sijaanguka," anasema Mjomba. "Nimepumzika."

"Mjomba, nipeleke shule," anasema Tunu. "Leo tunawachezea wazazi. Mpiga ngoma ni mimi. Nisipofika, hakuna mchezo."

"Kwa mvua hii? Magurudumu yataoza! Mimi nimetembea, mpwa wangu. Nimefika Lindi. Nimefika mpaka Lubumbashi!"

"Na huko uliona gurudumu limeoza?"

Mjomba anajikuna kichwa. "Niliona... ndizi imeoza."

Tunu anavuka njia mbio. Mjomba anamfuata na baiskeli. Ng'ambo kuna Bi Mwatatu, fundi wa baiskeli.

"Shikamoo, bibi. Eti mvua inakula magurudumu?"

"Marahaba. Nani kasema?"

Tunu anamtazama Mjomba. Mjomba anatazama mawingu.

Bi Mwatatu anachukua ndoo ya maji. Mwaa! Analimwagia gurudumu. Kisha analizungusha. Viringi, viringi!

"Limepungua?"

"Halijapungua!" anasema Tunu.

"Maji yanapita tu. Mchanga wa tope ndio unasugua. Mkirudi, futeni. Cheni itieni mafuta, isishike kutu. Na wewe mwanaume, breki zikilowa zinachelewa. Nenda polepole, shika mapema."

"Ndiyo, bibi," anasema Mjomba, mdogo kama sisimizi.

Ngoma inafungwa ndani ya nailoni. Tunu anapanda nyuma.

Chwa, chwa, chwa, mvua inanyesha!
Viringi, viringi, gurudumu linakwenda!

Dimbwi la kwanza. Chubwi!

"Gurudumu lipo?" anauliza Mjomba.

"Lipo, Mjomba!"

Dimbwi la pili. Chubwiii!

"Gurudumu lipo?"

"Lipo, Mjomba! Bata!"

Bata amekaa katikati ya njia. Mjomba anashika breki mapema. Kriiii... Baiskeli inasimama. Bata hata hageuki.

"Kwaa," anasema bata.

Shuleni wote wanamsubiri Tunu. Anafungua nailoni. Ngoma ni kavu!

Du! Du! Dududu!

Watoto wanacheza. Wazazi wanacheza. Mjomba anacheza kuliko wote, na tope lake nyuma ya suruali.

Jioni, Tunu anafuta magurudumu. Mjomba anatia cheni mafuta. Rimu zinang'aa kama sahani.

Sasa Tunu yuko kitandani. Nje bado mvua. Chwa... chwa... chwa...

Mlango unafunguka kidogo. Ni Mjomba, na blanketi mkononi.

"Tunu? Niifunike baiskeli? Isije ikapata... ikapata... CHYAA! ...mafua."

"Mjomba," anasema Tunu, "mwenye mafua ni wewe. Jifunike, ulale."