Ngao Iliyopakwa Masizi

Zama zile masultani wa Bara Hindi walipokuwa wakiajiri askari kutoka pwani yetu, ndugu wawili wa Pate, Marijani na Feruzi, walijikuta vitani chini ya milima ya Himalaya, kwenye baridi ya kugandisha mate mdomoni. Feruzi, aliye mdogo, alikuwa amezingirwa ngomeni, chakula kimekwisha. Jemadari Gulsheri, adui yake, alikuwa amemlisha kiapo: jua likigusa bendera ya ngome kesho yake asubuhi na msaada haujaonekana, afungue lango. Mjumbe aliyetoroka ndiye aliyemletea Marijani habari hizo.

Lo! Nani asiyemjua Gulsheri? Ngome iliyofunguliwa kabla ya hiyo, hakubakiza roho.

Jeshi la Marijani lilikuwa nyuma ya mlima, wala lisingefika kabla ya adhuhuri. Basi akatwaa ngao yake ya shaba, akaanza kupanda kilele kukiwa bado giza. Utotoni, yeye na Feruzi waliitana kutoka dari hadi dari kwa sinia la mama yao likimulikwa juani. Miali mitatu maana yake: "Naja."

Mbele yake alitangulia Bi Yangzomu, mchunga ng'ombe wa manyoya wa milima ile, shanga zikimgonga kifuani.

"Upesi, Bwana Askari! Jua halimngoji mtu."

"Mama, pumzi zimeniishia!"

"Ziazime za nduguyo. Anaitwa nani?"

"Feruzi. Mimi Marijani."

Mwanamke akacheka, akamwonyesha shanga zake: feruzi, jiwe la buluu, huku, marijani nyekundu kule. "Kumbe nyote mmo shingoni mwangu! Haya, twende!"

Walipofika kileleni, jua likachomoza. Vilele vyote vikawaka dhahabu, na Marijani, pamoja na hofu yake, akapiga ukelele wa furaha. Chini kabisa, ngome ilikuwa bado kivulini, chini ya mlima wa pili. Na mwanga ulikuwa ukiteremka mlima huo, mwamba kwa mwamba, ukiifuata bendera.

Akainua ngao. Haikumeta.

Yallah! Usiku wa jana aliipaka masizi na samli, isije ikang'aa njiani wakaonekana na walinzi wa Gulsheri. Alijiona mjanja kweli! Sasa samli imeganda ngumu kama jiwe. Akakwangua kwa jambia, wapi! Mwanga ukafika kwenye misonobari juu ya ngome.

"Inamalizika hivi?" akalia. "Ndugu yangu afe kwa ujanja wangu?"

Lakini samli ni samli, huyeyuka kwa moto, na moto uliokuwapo pale ni kifua chake tu. Akararua joho, akaikumbatia ngao. Ngozi ikanata kwenye shaba. Akapiga kelele, asiachie.

"Kaza, mwanangu, kaza!" Bi Yangzomu akamkumbatia kwa nyuma na blanketi lake.

Masizi yakaanza kumchuruzika tumboni. Marijani akaibandua ngao, ngozi ikabaki nayo; akavua kilemba, akasugua kwa nguvu zake zote. Mwanga ulikuwa umeshika ukuta. Akaielekeza ngao bondeni.

Mwali mmoja. Wa pili. Wa tatu.

Jua likagusa bendera. Lango halikufunguka. Kisha ngoma ya vita ikalia ndani ya ngome, mapigo matatu, na Marijani akaanguka magotini akilia na kucheka.

Adhuhuri jeshi lake liliwatimua watu wa Gulsheri hadi ng'ambo ya mto. Feruzi alitoka langoni, amekonda kama ufito, akakitazama kifua cha kaka yake kilichochubuka.

"Kaka, sinia la mama halikuwa likiuma hivyo."

"Nyamaza wewe, njoo!" Wakakumbatiana, bila kujali kidonda.

Waandishi wa sultani waliandika ushindi ule kwa jina la sultani, na ndugu wale hawakutajwa. Ila jioni ile Bi Yangzomu alikata uzi wa shanga zake, akazitunga upya: feruzi na marijani, pamoja. Hakuzitenganisha tena hadi kufa kwake.