Nilinyamaza, Fidelis Akafunga Begi

Nina umri wa miaka hamsini na mbili. Naishi peke yangu katika chumba cha kupanga huku Mbagala, na ninayoyaandika hapa sijawahi kumwambia mtu mwingine yeyote isipokuwa wale niliowakosea. Wasomaji wenzangu, msinihukumu kabla ya kufika mwisho. Mkifika mwisho, nihukumuni tu... nimestahili.

Kazi yangu ni kupiga rangi magari. Miaka ile magari ya Kijapani yaliyotumika yalipoanza kumiminika mjini, nilikuwa nafanya kazi gereji moja Keko pamoja na rafiki yangu Gaspari, Mluguru wa Matombo, fundi bodi ambaye sijaona mfano wake. Mie nilikuwa nimeachana na mama watoto wangu, amewachukua watoto kwao Tanga. Gaspari alinipokea kama ndugu. Kila Jumapili nilishinda kwake Yombo, mkewe, mama Roza, akinipakulia chakula kama mtu wa nyumba ile.

Kilichotuunganisha kilikuwa ugonjwa mmoja: magari makubwa ya Kimarekani ya zamani!

Gaspari alikuwa nalo moja. Alilikuta limetelekezwa kwenye banda la shamba la mkonge, kuku wanataga ndani, wenye shamba wakamwambia alichukue awaondolee takataka. Lilifika Yombo likivutwa na trekta. Miaka sita tulilihangaikia! Yeye akinyoosha bati, mie nikipiga msasa na kupuliza rangi ya bluu ya bahari, na paa jeupe.

Jamani, lile gari! Boneti ndefu kama kitanda. Nikeli ya bampa unajitazama ukanyoa ndevu. Kiti cha mbele kimoja, kirefu kama kochi. Na kule nyuma, mabawa mawili yamelala kulia na kushoto, chini ya kila bawa taa nyekundu iliyochongwa kama jicho la paka. Tulikuwa tunakaa kwenye vigoda nyuma yake tukiyatazama tu. Gaspari alikuwa akisema, "Athumani, aliyechora hili alikuwa na furaha siku hiyo." Na mie nilimwelewa. Nani mwingine angemwelewa?

Mdogo wake, Fidelis, aliyekuwa akiishi pale, hakutuelewa kabisa. Alikuwa kijana wa watu, mcheshi, anajifunza udereva ili apate kazi. Alitucheka. "Braza, uzeni hilo lidude, mtafute kagari kadogo ka Kijapani mle maisha." Gaspari alikuwa akikasirika kweli. Shikeni hapo, maana ndipo shetani alipopata mlango.

Siku moja Gaspari alipata habari kwamba mama yao kule Matombo amezidiwa. Alipanga begi akanikabidhi funguo. Akaniambia, "Kila Jumamosi lipashe moto dakika kumi, kisha funguo zitundike ndani. Usilitoe uani, ndugu yangu. Hata kidogo."

Nikamjibu, "Nenda kwa amani. Hilo gari ni kama langu."

Kama langu... Maneno gani yale!

Wakati ule nilikuwa nimempenda mwanamke wa Kinondoni, Zuhura, mshonaji nguo. Kwa upweke wangu, nilikuwa nimemdanganya kwamba lile gari ni mali yangu. Alicheka akasema wanaume wa Dar wote wana magari mdomoni. Ilinichoma! Jumamosi ya pili nikasema, saa moja tu, nani atajua? Mama Roza alikuwa sokoni, Fidelis yuko kwenye mafunzo yake, na njia ya getini haikuwa na mtu. Nikafungua geti.

Siwezi kukataa, zile dakika chache nilikuwa mfalme. Watu walisimama barabarani, wazee wakapunga mikono. Lakini usukani wake ulikuwa upande wa kushoto, na mie sikuwahi kuliendesha kwenye magari mengi. Chang'ombe nilijaribu kulipita lori la mchanga. Kwa nilivyokaa sikuona mbele... Nikaona basi linanijia! Nikarudi upande wangu kwa pupa kabla sijalimaliza lile lori. Kona ya bampa lake ikakamata bawa la kushoto, ikalichana kama karatasi. Taa ikawa chembechembe juu ya lami.

Zuhura sikufika kwake. Nililirudisha uani, nikaliegesha ubavu mbovu ukutani, nikalifunika turubai. Funguo nikazitundika pale pale ndani. Nikaondoka kabla mama Roza hajarudi.

Wiki iliyofuata Gaspari alirudi, mama amezikwa kabla habari haijatufikia Dar. Amekonda, macho mekundu. Nilikuwa nimekwenda kumpa pole. Baada ya chai akatoka uani, nadhani alitaka kutazama kitu kizuri baada ya msiba. Akavuta turubai.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani?"

Wasomaji, jibu lilikuwa neno moja. Mimi! Kwa nini sikulisema? Nikasema, "Mie Jumamosi nililiwasha, nikarudisha funguo ndani. Baada ya hapo sijui."

Sikumtaja Fidelis. Nilijua sihitaji kumtaja. Gaspari akageuka kumtazama mdogo wake, anayejifunza udereva, aliyelala nyumba moja na zile funguo, aliyelitukana lile gari kila siku.

"Braza, haki ya Mungu sijaligusa!"

"Nimetoka kumzika mama, Fidelis. Usinidanganye leo."

"Braza, niulize mara mia! Athumani, umewahi kuniona nikishika hizo funguo? Mwambie, kaka!"

Nikatazama chini. Mama Roza alilia akimsihi mumewe, haikusaidia. Kabla ya adhuhuri Fidelis alifunga begi lake. Akapita mbele yangu, akasimama kidogo, kama mtu anayesubiri. Nikanyamaza. Akatoka.

Tuliendelea kulitengeneza. Bati alilinyoosha, lakini taa ile haikupatikana Dar nzima. Kila duka spea za Kijapani tu. Jumapili zetu zikawa za kimya.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa ukapita, ikaja habari kutoka Mtwara. Fidelis, aliyekuwa amekwenda huko kutafuta kazi, ameugua malaria chumbani kwake, hana mtu wa kumpeleka hospitali, akafa. Majirani walishamzika.

Gaspari alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu. "Nimemfukuza mdogo wangu kwa ajili ya bati, Athumani. Kwa ajili ya bati!"

Hapo nikashindwa. Nikapiga magoti mchangani nikamweleza yote, Zuhura, lori, turubai. Nilitamani anipige. Hakunipiga. Aliniuliza, "Siku ile ulikuwa umekaa pale, ukamwona akifunga begi?"

"Ndiyo."

Akanyanyuka, akaingia ndani. Baada ya muda akatoka mama Roza. Hakunitazama usoni. "Shemeji, nakuomba uende. Na usirudi."

Nilimwandikia Gaspari barua nne. Hakuna iliyojibiwa. Nilisikia lile gari waokota vyuma walilikatakata wakalibeba. Zuhura aliolewa na mtu mwingine. Siku hizi napiga rangi magari madogo ya Kijapani, meupe moja baada ya jingine, na Jumapili nafua nguo zangu, napika, nakula, sijaongea na mtu.

Ndugu msomaji, labda na wewe umeharibu kitu cha mtu, na sasa anatazamwa asiyehusika. Nakusihi, simama useme! Utatukanwa, utapigwa pengine, urafiki unaweza kufa. Lakini yule mwingine atabaki nyumbani kwao. Mie niliposema ukweli, aliyeuhitaji alikuwa kaburini Mtwara, na hata hilo kaburi sijui liko upande gani.