Mifuko Minne, Shimo Moja

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika asubuhi ile. Fundi Timazi alikuwa ameshachoshwa na foleni alipomwona mbele yake dada mmoja aliyevaa gauni la njano lililopigwa pasi sawasawa, na miguuni buti za mvua zilizojaa matope.

"Dada, unakwenda harusini au shambani?"

"Kazini. Napima udongo, kabla mafundi kama wewe hamjamwaga zege kwa kubahatisha."

"Umejuaje mimi ni fundi?"

"Saruji imekujaa mpaka masikioni."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Timazi, ambaye kwa maneno hakuwa mtu wa kushindwa, akabaki kuomba namba ya simu. Akapewa.

Haukupita muda, ikawa siku haiishi bila wawili hao kupigiana. Timazi alikuwa anamjengea nyumba shangazi yake, ndiye aliyemlea, na mpima udongo akajitolea kumsaidia.

"Chimba kona zote nne, laazizi, mpaka usawa wa kiuno. Kila kona na mfuko wake wa udongo, niupeleke maabara."

"Sawa, mkuu wangu."

"Halafu jioni unanipeleka wapi?"

Hiyo jioni ndiyo iliyomponza. Alimaliza shimo la kwanza akiwa hoi, akatazama saa, akalikumbuka shati lake jeupe lililokuwa bado halijapigwa pasi. Basi mtu mzima yule, na ndevu zake, akajaza mifuko yote minne kutoka shimo lile lile, akaiandika kona ya kwanza mpaka ya nne. Jioni alinukia vizuri, na mpenzi wake akamsifia.

Majibu ya maabara yalitoka safi. Zege likamwagwa, kuta zikapanda. Kumbe kwenye kona moja ya nyuma palikuwa na shimo la taka la zamani lililofukiwa. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, msingi ulizama upande ule na ukuta ukapasuka hata mkono ukaweza kupita.

Habari zikafika maabara, na kesho yake simu ikalia.

"Mpenzi," sauti ilikuwa imejaa kilio, "mkuu wa maabara amenitoa kwenye vipimo. Sasa naosha vyombo vya maabara. Anasema nilichanganya mifuko, na labda ni kweli. Nimemharibia shangazi yako nyumba."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Timazi alifungua mdomo, aibu ikamshinda.

"Usilie, kipenzi," akasema. "Hutokea."

Tangu hapo msichana hakupokea tena simu zake. Alikuwa anamwonea haya, yeye asiye na kosa lolote. Timazi alilijua hilo, na tonge likawa halimpiti kooni.

Shangazi akaona mwanawe anakonda. "Huyo binti msamehe, mwanangu," alimwambia. "Kukosea ni kazi yetu sote."

Afadhali angemtukana. "Si yeye, shangazi. Ni mimi. Nilichimba kona moja tu."

Shangazi akamwonyesha mlango. "Sasa mimi unaniambia ya nini? Mwambie anayeosha vyombo."

Maabara ilikuwa na watu wengi. Timazi aliyasema yote mbele ya mkuu, mpenzi wake na wafanyakazi wote, macho yakiwa sakafuni. Alilitaja shati, akaitaja na pasi. Mtu mmoja akacheka. Mkuu wa maabara aligeukia dirishani, maana naye alikuwa na lake la kuomba radhi.

Mpenzi wake aliliweka chini beseni la vyombo, akajifuta mikono polepole.

"Ulinisikia nikilia," alisema.

"Nilikusikia."

"Ukaniambia hutokea."

Machozi yalimtoka Timazi mbele za watu na hakuyafuta.

"Nitabomoa ile kona, nichimbe na kona zote tatu nilizoziruka kwa mkono wangu. Sikuombi unisamehe leo. Lakini niambie jambo moja tu. Bado unanipenda?"

Msichana alivua aproni, akaitundika msumarini.

"Ndiyo," alisema. "Na ndiyo maana leo siwezi kuwatazama hawa wenzangu usoni, kwa kumpenda aliyeniponza."

Akavaa buti zake, akatangulia kutoka kwenda kulitazama lile shimo la taka. Timazi akamfuata nyuma, asithubutu kumshika mkono.