Kabuti la Mukiri

Jioni moja Mukiri alirudi kutoka mtaroni, akanywa chai, akaitapika yote mlangoni. Hilo peke yake lisingemtisha mkewe, Kathure. Kilichomtisha ni alama iliyokuwa pajani mwa mumewe, nyekundu, kana kwamba pasi ya makaa imelalia hapo.

"Umeungulia wapi, Baba Karambu?"

"Sijagusa moto. Pengine ni mdudu."

"Mdudu gani anauma akipitia kabuti?"

Mukiri alijivutia kabuti mwilini. Alikuwa kibarua wa kampuni iliyokuwa ikilaza mabomba ya maji Timau, na huko baridi haina huruma. Nyumba yao ilikuwa na kabuti moja tu zito, na desturi ya nyumba hiyo ilikuwa moja: anayeumwa ndiye anayefunikwa. Basi Mukiri akafunikwa. Kidonda kikachimbika, kikanuka, naye akafa akilalamika kwamba ana moto ndani na hakuna anayeuona.

Majirani wakanong'ona kwamba mtaro umefumua chemchemi ya zamani na jini lake limeingia kwa Mukiri. Wasimamizi wa kampuni walisikia, wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Waliona raha jini likilaumiwa.

Mazishi hayajapoa, Karambu, binti pekee wa Kathure, akaanza kutapika. Mama akafanya alilolijua. Akamfunika mtoto kabuti la baba yake, akaliingiza vizuri chini ya kidevu.

Mchungaji aliomba, akaondoka haraka. Ndipo Kathure akamwita Shehe Hirsi, mfanyabiashara wa Makutano aliyesifika kwa kutoa majini. Hirsi alifika adhuhuri, akampakata mtoto pamoja na kabuti lake, akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo nyumba ilivyozidi kunyamaza, kuku hawasikiki, mtoto halii, ni pumzi yake tu inayokwaruza na harufu ya damu ya fizi inayopanda, mpaka Kathure akatamani kitu chochote kipige kelele, hata kiwe kiovu, ili ajue anapigana na nani.

"Mama," Hirsi akanong'ona, jasho likimtoka kwenye baridi ile, "jini likisomewa linajibu. Hii kitu haijibu. Haitaki chochote kwako. Peleka mtoto hospitali kubwa, sasa hivi." Halafu akatoka nje, naye akatapika.

Kathure alikuwa akimwinua binti yake gari la kampuni liliposimama uani. Nyaga, msimamizi wa marehemu mumewe, aliyesikia kwamba mtoto naye anaumwa, aliingia na kijana aliyeshika kipimo kinachotatarika kama bisi motoni. Karibu na kitanda kilitatarika mfululizo, bila kupumua. Walilivuta kabuti kwa koleo refu, wakatoa katika mfuko wa kabuti kipande cha chuma kifupi, kinachong'aa, wakakitumbukiza katika sanduku zito la madini ya risasi.

"Hiyo ni ya kupiga picha viungo vya bomba," Nyaga alisema polepole. "Ina miali, kama ya eksirei lakini kali zaidi. Haionekani, lakini inachoma nyama, inaua damu. Bwana yako aliokota, akafikiri ni chuma tu."

"Ilipotea lini?"

"Mama Karambu, hiyo maneno tuongee kando."

"Lini?"

Nyaga alitazama sakafu. "Wiki ile alianza kuugua."

Kathure alihisi hasira ikimpanda hadi machoni. Walijua. Walijua Mukiri anaoza, wakanyamaza ili kazi isisimamishwe. Na huyu Nyaga alikuja mazishini, akabeba jeneza begani, akala chakula chao.

Nyaga alikwisha kutoka. Aliwainulia mkono majirani waliojaa uani. "Ni jini, na limetolewa. Rudini nyumbani."

Kathure akatoka nyuma yake, amembeba Karambu. "Ni uongo," akasema, sauti ikifika hadi barabarani. "Ni chuma chao. Walikipoteza, wakanyamaza, kikamla mume wangu." Akamgeukia Nyaga. "Ulimbeba baba yake. Mbebe na huyu, mpeleke hospitali na gari yako."

Nyaga alirudisha mikono nyuma, akajibanza kwenye mlango wa gari. Hirsi ndiye aliyemsukuma kando, akampokea mtoto na kumlaza kwenye kiti. Kofia ya sufu ilimtoka Karambu kichwani, ikabaki mkononi mwa Kathure na nywele zote ndani yake.