Tuta la Tana Layu

Kila asubuhi kabla ya shule, Lasmi alijifunga shuka mabegani, akapuliza moto jikoni, akala ugali wa mahindi meupe peke yake. Baba yake, Mujono, alikuwa ameshatangulia kwenye shamba la viazi. Kisha Lasmi alichukua ndoo akamwagilie tuta la maua ya tana layu, lililopandwa na marehemu mama yake nyuma ya nyumba.

Tana layu huota kwenye miamba ya juu, na siku hizi yamebaki machache mno. Kuyachuma huko kumekatazwa. Ndiyo maana watu wa Tengger, kabila la milimani, huyapanda nyumbani, kwani bila maua hayo haitengenezwi sanamu ya kumuaga marehemu. Sanamu hiyo ya majani huvishwa nguo za marehemu, huombewa, kisha huchomwa, na roho huenda zake wala hairudi.

Lasmi hakutaka mama aende. Nyumba ilikuwa kimya vya kutosha. Basi kila siku maji aliyamwaga kwenye kabichi, na maua yakakauka.

"Ni baridi ya alfajiri, Baba," alisema. "Imeyaunguza."

Baba akalitazama tuta, akaenda kuchukua kamba. "Basi nitapanda kule juu kuyachuma mwenyewe."

"Kwenye miamba? Si ulisema mtu akikamatwa anafungwa?"

"Mama yako amengoja mwaka mzima. Nimwambie nini?"

Kamba ilikuwa kuukuu. Lasmi alimwona baba akiifunga kiunoni, akaliwaza jiko lisilo na mtu kabisa. Machozi yakamtoka.

"Usiende. Si baridi. Mimi ndiye niliyeyanyima maji. Maua yasipokuwepo, mama haendi."

Baba aliketi palepale kwenye tuta. "Kuhani amenipa tarehe ya kumuaga mama yako mara mbili," alisema mwishowe. "Zote nikamwambia viazi havijavunwa. Vilikuwa vimeshavunwa."

Jioni walikwenda kwa jirani yao, Bi Ngatumi, wakamweleza yote. Aliwaketisha karibu na moto, akawakatia maua yake, akawapa na miche.

"Na wewe mtoto," akasema, "upweke ukikuzidi, njoo hapa unisumbue. Mimi mwenyewe huwa naongea na sufuria."

Siku ya kuaga, Lasmi ndiye aliyeifunga sanamu kitambaa cha mama. Moto ulipozimika, baba alimshika mkono.

"Mwanangu, huzuni si kosa. Kosa ni kuificha kwa uongo. Uongo wako na wangu nusura unipeleke kwenye ile miamba. Ukiumia, niambie. Nami nitakuambia."

Kesho yake baba hakutangulia shambani. Walikula pamoja, kisha Lasmi akajaza ndoo, akaenda kumwagilia miche.